Cheni Kumi na Tano za Haidari

Wekundu haukutoka. Mwanawetu alisugua vidole kwa sabuni ya unga, akasugua kwa mchanga, akajimiminia dizeli kidogo kiganjani na kusugua tena mpaka ngozi ikawaka moto, lakini wekundu ulibaki palepale, umejipachika kwenye kucha na kwenye mikunjo ya vidole kama hina iliyopakwa na mtu mwenye haraka. Akasimama mbele ya ndoo, mikono imening'inia, maji yakimchuruzika kutoka viwikoni. Hakuwa na haja ya kumwuliza mtu rangi ile imetoka wapi. Aliijua kabla hajajua kuhesabu.

Muda mfupi uliopita Iddy, dereva wa bodaboda, alikuwa ametua mfuko wa salfeti mlangoni pa duka lake, pale Kibiti, hatua chache kutoka stendi.

"Mzigo wa mdogo wako Haidari, mama," Iddy alisema bila kuzima pikipiki. "Kasema uzinoe upesi. Na zile mpya kumi na tano uziweke tayari, Ijumaa anazifuata mwenyewe."

Ndani ya mfuko mlikuwa na cheni tisa za msumeno wa mashine, ule ambao wenyewe wanauita chensoo. Mwanawetu aliitoa ya kwanza, akaibana kwenye jiriwa, akachukua tupa. Hapo ndipo alipoona kwamba safari hii cheni hazikuoshwa.

Hapa inabidi tusimame kidogo, ndugu yangu, maana usipoielewa habari ya kuosha hutaelewa kitu. Wachana mbao wa bara, wale wa Ngarambe, wa Mloka na wa huku Ikwiriri, hawaoshi cheni. Huzileta zilivyo, zimejaa oili nyeusi na unga wa mbao, na ukimwambia mmoja wao azioshe atakutazama kama umemwambia jembe lake alipige pasi. Anayeosha ni mnoaji, ndiyo desturi ya kazi. Haidari peke yake, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye aliyekuwa akileta cheni safi, zimechovywa kwenye dizeli na kufutwa pingili kwa pingili. Mara ya kwanza alipoziona, Mwanawetu alilengwa na machozi. Akajua mdogo wake anamwonea huruma, anajua dada yake ana mgongo mbovu. Miaka miwili mizima aliwaimbia wateja wimbo huohuo: "Mtazameni mtoto wa mama yangu Bi Hadija! Nyinyi mnaniletea uchafu, yeye ananiletea cheni kama vijiko vya harusi."

Kazi ya kunoa alifundishwa na marehemu mumewe, Ukasha. Mwanzoni watu walicheka. Mwanamke na chensoo, wapi na wapi? Walicheka mpaka walipojaribu cheni zake. Jino la kulia alilipa tupa mara tatu, na la kushoto mara tatu, hakuna lililopunjwa wala lililopendelewa. Cheni iliyopita mikononi mwa Mwanawetu haikuyumba ndani ya gogo, ilikata moja kwa moja, na kisiki kilibaki laini kiasi cha kukikalia na kanzu nyeupe. Ukasha alipofariki, duka likabaki mikononi mwake: cheni mpya, tupa, plagi, na hiyo kazi ya kunoa. Kila mteja alikuwa na kitambaa chake, maana cheni zikishanolewa alizifunga kwa ukanda wa nguo zisichanganyike. Za mteja wake Kondo alizifunga kwa kipande cha gunia la unga. Za Haidari alizifunga kwa vipande vya khanga. Wala si khanga ya kuokota; ni ile yenye maua ya korosho ambayo mama yao alimnunulia Mwanawetu alipojifungua mwanawe wa kwanza, ikavaliwa, ikabebea watoto wanne, ikachakaa mpaka haikufaa hata kukaushia vyombo. Alisema moyoni kwamba cheni za nyumbani zifungwe kwa nguo ya nyumbani.

Basi akaitazama ile cheni kwenye jiriwa. Kwenye viungo kulikuwa na kutu changa, ya rangi ya chungwa, kutu ya chumvi. Katikati ya meno kulikuwa na tope jeusi lililokauka, laini, lenye harufu ya yai viza. Na juu ya yote hayo, yale maji mekundu. Hilo ni gome la mkoko. Bibi yake kule kwao Maparoni, deltani, alikuwa akichemsha magome hayo kutia rangi ukili wa mikeka, na wanawake wote wa ukoo walitembea na mikono myekundu wiki nzima.

"Anasema yuko Ngarambe, na Ngarambe hakuna mikoko," Mwanawetu alisema kwa sauti, na dukani hamkuwa na mtu.

*

Kondo alimkuta bado amesimama. Kondo alikuwa mchana mbao wa Ngarambe, Mmatumbi mwenye mdomo mrefu kuliko upanga wa chensoo yake, na kwa kuwa yeye na Mwanawetu walikuwa watani, hakuwa na adabu hata kidogo.

"Loo! Mndengereko kapaka hina," alisema. "Nani anakuoa na uzee huo? Kama ni mimi umeniposa, sema, nikaoge."

Siku nyingine angejibiwa jibu la kumlaza njaa. Leo Mwanawetu alimwuliza tu, "Kondo, Haidari mnaonana huko msituni?"

"Haidari gani?"

"Mdogo wangu. Si yuko kwenu Ngarambe, ana kibali cha kukata mninga kwenye msitu wa kijiji?"

Kondo alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akavua kofia. "Mtani, nikwambie kweli? Kijiji hakijatoa kibali tangu mwaka juzi. Mimi mwenyewe nachana miembe na minazi ya watu, huku na huku, ndivyo ninavyokula. Haidari sijamwona Ngarambe hata siku moja. Mimi nilijua yuko kwenu huko majini."

Alinunua tupa moja, akaondoka kimyakimya, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Mwanawetu akakaa kwenye kigoda. Macho yalikwenda yenyewe kwenye rafu ya juu, kwenye cheni kumi na tano mpya, zimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta. Wiki mbili zilizopita Haidari alikuja, akakaa kwenye benchi la wateja, akanywa chai yake, akasema, "Da Mwana, masika yakianza barabara ya Ngarambe inakatika. Nataka niwe na akiba, nisije nikakwama msituni na mashine haina meno." Maneno ya mtu mwenye akili, mtu anayepanga maisha yake. Mwanawetu akapanda basi mpaka Kariakoo, akanunua roli zima la cheni, akarudi nalo mapajani kwa saa nne akiogopa kuliweka chini wasije wakaliiba. Akalipima, akalikata, akaunga kila cheni kwa nyundo na mikono yake mwenyewe, meno arobaini na mawili kila moja, akiomba dua kila anapogonga kiungo: Ya Rabi, mpe mdogo wangu riziki.

Alimlea yule. Baba yao alipofariki, Haidari alikuwa hajaota meno ya mbele ya pili. Alimbeba mgongoni, alimfundisha kupiga kasia, alimficha nyuma ya khanga alipovunja chungu cha mama. Maisha yake yote aliyasimamisha juu ya neno moja walilorithi kwa wazee, kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Na mzaliwa naye ndiye huyu, aliyekuwa akikaa mahali fulani na kitambaa na dizeli, akifuta pingili moja moja, kwa utulivu, ili dada yake asione. Hilo la kufuta ndilo lililomchoma kuliko yote. Uongo wa mdomo mtu anaweza kuropoka tu. Huu ulikuwa uongo wa kukaa chini na kufanya kazi.

Kisha likamjia jambo jingine, na moyo ukamwenda mbio. Kule Maparoni, mbele ya shamba la mpunga la mama yao, palikuwa na safu ya mikoko ambayo baba yao hakuruhusu iguswe. Serikali ilipiga marufuku kuikata baadaye. Kwa ukoo wao marufuku ilikuwapo zamani. Baba aliiita mlango wa shamba. Maji ya bahari yakipanda, yalisimama pale, yakahema, yakarudi. Mlango ule ukiondoka, chumvi inaingia, na chumvi ikishaingia hakuna mpunga, na pasipo mpunga Bi Hadija hana kitu kingine duniani. Hakutaka kuhamia kwa mtu, alitaka kufia pale alipomzika mumewe.

Kila mwaka baada ya mavuno, Bi Hadija alituma debe la mchele mpya Kibiti. Mwaka huu debe halikuja. Na kwenye simu mama alikuwa amekuwa mkavu: mzima, salama, haya kwaheri. Mwanawetu alisema ni uzee, mara akasema ni mtandao.

Asubuhi ya pili alifunga duka. Zile tisa chafu aliziacha. Zile mpya kumi na tano alizitia kwenye mfuko na kuzibeba, kwa sababu hakuweza kuziacha peke yake na kufuli.

*

Boti ya Nyamisati ilimshusha Maparoni kabla ya adhuhuri. Alitembea juu ya tuta la shamba, mfuko ukimvuta bega, na alipokata kona ya mwisho akaona anga mahali ambapo tangu azaliwe hapakuwa na anga.

Karibu nusu ya safu ilikuwa imekwenda. Visiki vilisimama kwenye tope, vingi, vyeupe vinavyogeuka kuwa vyekundu. Mpunga uliokuwa karibu navyo ulikuwa wa njano kuanzia kwenye ncha, na nyuma yake ulikuwa bado kijani, na ungeweza kuonyesha kwa kidole mahali chumvi ilipofika. Mwanawetu aliteremka kwenye tope, akakiendea kisiki cha kwanza, akaweka kiganja juu yake. Kilikuwa laini. Hakikuwa na mkwaruzo wala ngazi, msumeno ulipita moja kwa moja bila kuyumba. Kuna watu wanaoujua mwandiko wao hata wakiuona kwenye ukuta wa mji mwingine. Yeye alijua palepale kwamba mkoko ule ulikatwa kwa tupa yake.

Chini ya kisiki, nusu imezama topeni, palikuwa na ukanda wa nguo wenye ua la korosho.

"Umekuja kuangalia kazi yako?"

Sauti ilitoka juu. Bi Hadija alikuwa ameketi kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu ambamo wakulima wa delta huishi msimu mzima wakilinda mpunga. Alikuwa amejitanda khanga, miguu imening'inia, amekonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakuuliza habari za Kibiti, hakuuliza wajukuu. Mwanawetu alipanda ngazi, akakaa mbele yake kwenye sakafu ya fito, tope likimkauka miguuni.

"Mama, nani kakata hapa?"

Bi Hadija alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mchuuzi anayejua kabisa kwamba mizani yake ni ya uongo. "Unaniuliza mimi?"

"Haidari?"

"Haidari na watu wake. Alianzia ng'ambo kule, mbali, nikawa nasikia mashine tu. Halafu kabla ya mavuno akaja hapa, akakaa hapohapo ulipokaa. Akaniambia, mama, nimezungumza na dada, tumekubaliana. Shamba limechoka, mikoko ina wanunuzi, na wewe umeshazeeka. Dada amekutengea chumba Kibiti, na cheni za kukatia anatoa yeye, ndiyo mchango wake." Alimeza mate. "Nikamwambia, huyo si Mwanawetu niliyemzaa mimi. Basi akafungua mfuko wake, akanionyesha."

Aliingiza mkono kwenye kibindo, akatoa ukanda wa khanga, safi, uliofuliwa na kukunjwa. Akauweka kwenye fito kati yao.

"Nilitembea siku nzima kwenda kuinunua hii, na maziwa yako yalikuwa hayajatoka bado. Nikaona umeichana vipande vipande, umefungia vyuma vya kunikatia mlango."

Mwanawetu aliugusa ukanda ule kwa ncha za vidole. Alikuwa amekuja na uchungu wake mmoja, amejiandaa nao njia nzima, na sasa aliona uchungu ule ulikuwa mdogo. Kumbe Haidari hakumficha tu. Alimchukua akamfanya shahidi. Aliuchukua upendo wake, na kitambaa na fundo alilolifunga kwa mkono wake, akavipeleka kwa mama kuwa ushahidi dhidi yake. Miezi saba mama huyu alikaa juu ya dungu hili akiamini kwamba binti yake amemuuza, na miezi saba binti yule alikuwa Kibiti akiwasifia wateja usafi wa mdogo wake.

"Haki ya Mungu, mama, sikujua! Aliniambia yuko Ngarambe. Aliniambia anakata mninga. Ile khanga niliichana kwa sababu... kwa sababu ilikuwa yako." Alilia kama mtoto, pua na macho. "Kwa nini hukunipigia simu? Kwa nini hukuniuliza hata mara moja?"

"Nikuulize nini? Mtu akishakuuza, unampigia simu kumwuliza bei?"

Chini, kaa walipita kwenye tope, wakiingia na kutoka mashimoni. Bi Hadija aliuchukua ule ukanda, akaukunjua, akaukunja tena. Uso wake ulikuwa umelegea kidogo, si kwa furaha. Ulilegea kama wa mtu aliyebeba mzigo akaambiwa mzigo haukuwa huo.

"Ulimpa cheni ngapi?" aliuliza.

"Tangu Maulidi? Kumi na moja mpya. Na za kunoa kila mwezi."

"Na hao wengine, wa huko msituni, mtu mmoja anamaliza ngapi kwa mwaka?"

Mwanawetu alijifuta uso. "Tatu. Kazi ikiwa nyingi, nne."

Mama alimtazama tu, na mtazamo wake haukuwa na hasira, na bora ungekuwa nayo.

"Na hukuuliza," alisema mwishowe.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ufanye nini ukigundua kwamba nguo yenyewe uliivaa ukijua inakuwasha. Maana aliwashwa. Mwanawetu alikumbuka siku ile Haidari alipotaka cheni ya sita. Aliinua macho, swali likafika kwenye ulimi, akalimeza, akamwongezea sukari kwenye chai. Mnoaji wa miaka kumi na nane! Anayeweza kushika cheni akakwambia imekata mninga au mkongo, imegusa jiwe au msumari. Angejua. Alitaka tu asijue, kwa sababu kuwa na mdogo mtu mwema ni raha, na raha ile hakutaka kuitia tupa. Haidari alimsaliti, ndiyo, na hilo hatalifuta mtu. Lakini mahali pa kuingilia alipapata wazi.

Alivuta ule mfuko, akaumwaga. Karatasi zenye mafuta zilitawanyika kwenye fito, kumi na tano, nzito.

"Hizi ndizo anazozitaka kabla ya masika. Nimeziunga mwenyewe. Mimi simpi, wala sizirudishi dukani. Akizitaka, aje aziombe kwako."

"Na nikimpa?"

"Ni mwanao, mama."

"Na nikizitupa kwenye kina cha mto?"

"Ni zako."

Bi Hadija alizitazama cheni, kisha akalitazama pengo lile lenye anga nyingi, kisha akaanza kuzisukuma moja moja chini ya kitanda chake cha kamba, polepole, bila kusaidiwa. Alipomaliza alihema. "Sufuriani kuna wali wa jana," alisema. "Kula, boti haisubiri mtu."

*

Ijumaa baada ya swala Haidari alifika dukani. Alikuwa na kanzu nyeupe na kofia ya viua, ananukia udi, kijana mzuri wa miaka thelathini na minane ambaye akina mama wa sokoni walipenda kumwita mkwe. Katika siku zile mbili Mwanawetu aliifungua namba ya bwana misitu kwenye simu yake mara tatu, na mara tatu akaizima.

"Da Mwana, shikamoo."

"Marahaba."

"Cheni zangu vipi?"

Mwanawetu aliinua mfuko wa salfeti, akauweka juu ya meza. "Zako tisa hizi hapa. Sijazinoa. Sijaziosha pia, Iddy alivyozileta ndivyo zilivyo."

Haidari aliutazama mfuko. Halafu akavitazama vidole vya dada yake vilivyoshika ukingo wa meza, na kucha zake. Alikuwa mwepesi siku zote. Alitabasamu kabla hajafikiri. "Ah, nisamehe dada, siku ile nilikuwa na haraka. Bamvua lilikuwa linakuja, tukaona tuwahi kabla maji hayajapanda..."

"Ngarambe siku hizi maji ya bahari yanapanda mpaka msituni?" Mwanawetu aliuliza, kwa upole kabisa.

Haidari alivuta benchi, akakaa. Tabasamu lilichelewa kuondoka, likabaki peke yake usoni bila kazi. Nje magari ya Lindi yalipita yakipiga honi.

"Shamba lile limekufa, dada," alisema hatimaye, na sasa sauti yake ilikuwa ya kweli, na ukweli huo ndio uliouma. "Unajua wewe? Hukai kule. Kila mwaka chumvi inapanda, mikoko iwepo isiwepo. Miaka mitano ijayo hakuna shamba. Nimechukua kabla bahari haijachukua. Kosa langu liko wapi?"

"Ungeniambia hivyo, tungebishana."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Ndiyo maana watu huulizana, Haidari." Alishika meza kwa nguvu. "Kata mikoko, danganya serikali, nidanganye na mimi. Lakini kumpelekea mama khanga yangu? Ukamwambia ni mimi? Mimi nilikubeba, wewe! Nilikubeba mpaka kiuno kikapinda, halafu unakwenda kunizika mimi mzima kwa mama yangu?"

Haidari aliinamisha kichwa. Udi ulinukia duka zima. Kwa muda Mwanawetu alimwona yule mtoto wa nyuma ya khanga, na akasubiri, kwa sababu bado alikuwa na ujinga wa kusubiri, kwamba atasema nisamehe. Lingetosha hata likitoka nusu.

Haidari aliinua macho, lakini hakumtazama yeye. Alitazama rafu ya juu.

"Zile mpya umeziweka wapi?"

Kitu kilimshuka Mwanawetu kifuani, kikatua, kikatulia. Alishangaa kwamba hakukuwa na kelele.

"Ziko kwa mama," alisema. "Zote kumi na tano, chini ya kitanda chake, kwenye dungu. Anajua kila kitu. Ukizitaka, nenda ukamwombe."

Haidari alisimama, akakaa, akasimama tena. Alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Akaushika mfuko wa zile tisa, akauachia. Kisha akasimama mlangoni, amempa dada yake mgongo, kanzu yake inapepea kidogo kwa upepo wa magari, na alipouliza alizungumza na barabara.

"Leo maji yanajaa saa ngapi?"

Mtoto wa Maparoni haulizi maji yanajaa saa ngapi, anayo mwilini kama njaa. Lakini aliuliza, na Mwanawetu hakujua anataka kuwahi boti akapige magoti, au akachukue cheni, na alijua kwamba hata angemwuliza, jibu lake asingeweza tena kuliamini.

"Saa tisa, kaka," alimjibu, kama anavyomjibu mpita njia yeyote anayesimama dukani kuuliza. Kisha akageuka kumsikiliza mteja aliyekuwa akiingia.